Ndugu akikamatwa Marekani, mtafute hivi

Jamani, ndugu akikamatwa Marekani msikimbilie kumtafuta kwenye magereza ya jimbo. Anayesubiri kesi kwa kawaida yuko jela ya kaunti, chini ya sherifu (mkuu wa usalama wa kaunti), na masherifu wengi huweka orodha ya mahabusu kwenye tovuti zao. Anza na jina la ukoo. Usipomwona, usikate tamaa, majina yetu huandikwa vibaya sana: Ally huwa Ali, jina la babu hugeuzwa la ukoo. Jaribu herufi tatu za mwanzo tu. Tena kumsajili mtu jela baada ya kukamatwa huchukua saa kadhaa, kwa hiyo rudia baadaye au piga simu jela yenyewe. Ukimpata, nakili namba yake ya mahabusu, tarehe ya mahakama na kiasi cha dhamana. Hiyo namba utaulizwa kila mahali.

Kumtembelea, jela nyingi hutaka miadi kabla, nyingine huruhusu kwa video tu. Kitambulisho kisiwe kimeisha muda, simu ibaki kwenye gari, vaa nguo za heshima. Na tafadhali sana, msizungumzie kesi. Maongezi hurekodiwa, hayo mwachieni wakili.