Nilivyotoka na ree mkononi

Jumamosi ya juzi, kwenye poka yetu, nilitoka wa tano kati ya watu tisa, na nilitoka nikiwa na ree, ile karata ya A. Shemeji aliyenitoa alikuwa na tisa na nne, tena alinifuata, yaani aliweka vizibo kulingana na vyangu, bila hata kuzifunua. Meza nzima ikapiga kelele: "Waja leo, waondoka leo!" Ndivyo sisi wa Tanga tunavyoagana.

Kwa msionijua, mimi ni fundi baiskeli. Kila Jumamosi baada ya isha tunakaa uani kwa mjomba, Ngamiani, tunacheza poka, ile ya karata mbili za siri mkononi na tano za wote mezani. Si kwa pesa. Watatu wanaobaki mwisho wanakula wali wa nazi na changu wa kupaka bure, na sita waliotoka ndio wanaolipa. Mama anasema kamari ni kamari hata ikiwa ya sahani ya wali, na mpaka leo sijapata la kumjibu. Chipu zetu ni vizibo: vyekundu vya soda ni 100, vya chungwa 500, vya bia 1,000 (vya bia tunaviokota, msianze). Kila mtu anaanza na 10,000. Mpwa wangu, aliyeujulia mchezo huu melini, ndiye anayeshika simu na kupandisha blaindi kila baada ya dakika 15. Blaindi, ndogo na kubwa, ni vizibo ambavyo watu wawili kwa zamu lazima waviweke kabla ya kuona karata.

Sasa, tatizo langu limeanzia mbali. Mimi nimekulia kwenye wahedi na sitini, mchezo wa karata wa kuhesabu pointi. Kule ree ina pointi 11, saba ina 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2, na ukifika 61 umemaliza kazi. Poka iliniumiza kichwa mwanzoni kwa sababu saba si kitu, na mzungu wa pili anampiga mzungu wa tatu, jambo ambalo mjomba bado analiona ni uhuni. Hayo nimeyazoea. Nilichobeba bila kujua ni tabia ya kuficha. Kwenye wahedi na sitini fundi ni yule anayeikalia turufu yake kimya mpaka wenzake wajimalize. Turufu haiozi. Ukiishika dakika kumi, ina nguvu ileile.

Vizibo vinaoza.

Tulibaki watano. Nilikuwa na 9,000, blaindi 500 na 1,000, na anti, mchango wa lazima wa kila mgao, 1,000 ambayo kwetu mwenye blaindi kubwa anailipia meza nzima. Maana yake kabla mtu hajaona karata, katikati kuna 2,500, na mimi kila meza ikizunguka mara moja natoa 2,500 hata nisipocheza chochote. Tisa elfu gawanya kwa 2,500: mizunguko mitatu na nusu, basi. Hesabu hii huitwa M, kutokana na jina la Paul Magriel, Mmarekani aliyekuwa hodari wa bakgamoni, mchezo wa kete na dadu, na aliyeieneza ni Dan Harrington, bingwa wa dunia wa poka wa 1995. Kwake yeye, M ikishuka chini ya 5 umebakiwa na mawili tu: weka zote au tupa. Hakuna kuongeza kidogo, hakuna kufuata "tuone kwanza".

Mpwa wangu alishanieleza yote haya. Nilimwitikia, nikakaa kusubiri karata.

Nilitupa mzungu wa tatu na kumi, zote kopa, nikiwa mimi ndiye mgawaji na watu wote wameshatupa mbele yangu. Nikatupa mzungu wa nne na tisa. Nikatupa nne mbili, hii ndiyo inayonikereketa, nikijiambia jozi ndogo haifiki mbali. Mizunguko miwili ikapita, 5,000 zikaenda. Nikabaki na 4,000, simu ikalia, blaindi zikawa 1,000 na 2,000. Hapo ndipo ikaja ree na saba. Moyo ukanidunda kama kijana, nikatumbukiza zote.

Tazameni Shemeji alichokiona. Ana blaindi kubwa. Kwenye meza kuna 4,000 zangu, 2,000 zake, 1,000 ya blaindi ndogo na anti 2,000. Jumla 9,000. Kunifuata ni kuongeza 2,000 tu, mezani ziwe 11,000. Akishinda mara 2 katika 11 hajapata hasara, na tisa na nne zinaishinda ree na saba zaidi kidogo ya mara moja katika tatu. Afunue karata za nini? Ikashuka tisa, ikashuka nne, nikainuka.

Kesho yake kibandani nilichukua boksi la tyubu nikaandika hesabu ya pili mgongoni. Je, ningetumbukiza zile 9,000 mapema, Shemeji akiwa palepale kwenye blaindi kubwa? Angekuta 11,500 mezani na angetakiwa aongeze 8,000. Hapo, 8,000 kati ya 19,500, inabidi ashinde mara 41 katika 100. Kwa tisa na nne anatupa, tena anatupa akinung'unika. Na wote wakitupa nachukua 2,500 bila kufunua karata, zaidi ya robo ya mali yangu yote. Nilikuwa natazama karata zangu kumbe cha kutazama kilikuwa ni bei ninayomtoza mwenzangu kunifuata. Kwa 9,000 nilikuwa natisha. Kwa 4,000 nilikuwa sadaka.

Siku hiyohiyo aliingia mteja anakokota baiskeli, rimu imepinda. Pancha ilikuwa ya msumari mdogo, upepo ulikuwa unatoka polepole, akaona atafika nayo Chumbageni na kurudi. Nilimtoza rimu, na nilimtoza kwa hasira zangu mwenyewe.

Kuna watu mezani wakibanwa wanapenda kumtaja Jack Straus. Inasimuliwa kwamba mwaka 1982 huko Las Vegas alibakiwa na chipu moja, akainuka nayo mpaka akautwaa ubingwa wa dunia. Vizuri. Lakini anatajwa miaka yote hii kwa sababu ni nadra, na hakuna aliyesema alifika kwenye chipu moja kwa makusudi. Hizo nne mbili nilizozitupa zisingehitaji muujiza.

Kitu kingine kilichonishangaza ni ree yenyewe. Ukiwa na vizibo vichache, ree na nne inang'aa, na kwa kutumbukiza ni karata nzuri tu, sikatai. Ila angalia anayekufuata ana nini. Mara nyingi naye ana ree, na ya kwake ina mwenza mkubwa. Dhidi ya ree na mzungu wa nne, ree na nne yako inapona kama mara moja katika nne. Lakini mzungu wa tatu na kumi za kopa nilizozitupa, dhidi ya hiyohiyo ree na mzungu wa nne, zinapona kama mara 4 katika 10, kwa kuwa haziingiliani na karata za mwenzio. Mjomba nilipomweleza alikaa kimya, kisha akasema, "Huu mchezo hauna adabu."

Basi Jumamosi hii nilitumbukiza mara nne, na mara tatu wote wakatupa. Mara ya nne Mwalimu alinifuata, nikamtia jeraha kubwa. Tukabaki wanne: Shemeji 50,000, mjomba 25,000, mimi 14,000, Mwalimu 1,000, kizibo kimoja cha bia. Mgao unaofuata, zamu ya blaindi kubwa ni ya Mwalimu. Mwalimu akatupa. Shemeji akasukuma rundo lote katikati, kwa kuwa anajua hakuna atakayethubutu. Nikainua karata zangu: wazungu wa nne wawili.

Nikatupa. Na nikazifunua, kosa langu.

Mjomba aliweka kikombe cha kahawa chini. "Wewe si ndiye uliyekesha ukituhubiria tusisubiri?" Nikamwambia, "Mjomba, sahani ni tatu na zote sawa, hakuna ya kwanza wala ya pili. Hapa vinavyooza si vyangu, ni vya Mwalimu." Wazungu wale wangemshinda Shemeji mara kama 8 katika 10, na mimi zile mbili zilizobaki sikuwa na sababu ya kuzinunua.

Mgao uliofuata Mwalimu aliingia kwa lazima na kizibo chake, akatoka. Changu alikuja mkubwa, na Mwalimu, aliyekuwa akilipa, aliomba aonje kichwa.