Taifodi isiyoisha: ninavyosoma cheti cha Widal

Meza dozi ya sipro (antibiotiki ya ciprofloxacin) mpaka mwisho, upone kabisa, kisha rudia Widal, kipimo cha damu cha taifodi, mwezi unaofuata: usishangae cheti kikisema bado unayo. Ndivyo "taifodi sugu" nyingi zinavyozaliwa. Kwangu siku hizi hakuna kurudia Widal baada ya dozi. Kipimo hiki hakitafuti bakteria, kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria hao, nazo hukaa kwenye damu miezi mingi mgonjwa akiwa mzima.

Kipimo ni cha tangu 1896. Zahanati nyingi hukifanya juu ya kibao: seramu (maji ya damu) mikrolita 80, 40, 20, 10 na 5, kila moja na tone la kitendanishi, kimiminika chenye bakteria waliouawa. Kibao kinatikiswa dakika moja, halafu mtaalamu anatazama ni wapi pameganda vipunjepunje kama maziwa yaliyokatika. Mgando ukiishia kwenye 20, jibu ni 1:80, yaani kingamwili bado zinaonekana hata seramu ikizimuliwa mara 80; kwenye 10 ni 1:160; kwenye 5 ni 1:320. Kibao kikisahaulika dakika chache, matone hukauka kingoni na kufanya vipunje visivyo mgando. Kitendanishi kinatakiwa kikae nyuzi 2 hadi 8. Friji ikizimika na umeme, nacho huharibika.

Kwa hiyo cheti chenye alama ya kujumlisha tu nakirudisha dirisha la maabara. Nauliza: O ngapi (kingamwili dhidi ya ganda la bakteria), H ngapi (dhidi ya mikia yake), na kontroli, sampuli za kulinganishia ambazo jibu lake linajulikana, zilisomaje? H ikiwa juu peke yake, mara nyingi ni ugonjwa wa zamani au chanjo. Hata O ya 1:80 wanayo watu wengi wazima huku kwetu, na malaria nayo huweza kuipandisha. Kinachoshawishi ni sampuli mbili, siku 10 hadi 14 kati yake, zikipanda mara nne, tuseme 1:80 kwenda 1:320. Nani ana homa akasubiri wiki mbili?

Ndiyo maana naomba kuoteshwa damu, yaani damu iwekwe kwenye chupa yenye lishe ili bakteria waliomo waote, kabla ya kidonge cha kwanza. Mtu mzima atolewe kama mililita 10. Wengi hutolewa 2 au 3, na kwa kuwa bakteria kwenye damu ni wachache mno, chupa inatoka tupu, bila bakteria kuota. Majibu huanza siku ya pili au ya tatu, chupa huangaliwa hadi siku 5 au 7. Hata ikifanywa vizuri hukamata kama wagonjwa sita kati ya kumi, hivyo chupa tupu haimalizi kesi. Faida yake kubwa ni kwamba bakteria wakiota, maabara inakuambia dawa gani inawaua. Sipro siku hizi si ya kuiamini macho yakiwa yamefumbwa.

Homa iliyopita siku tatu na inazidi kupanda, tumbo gumu linalouma likiguswa, choo chenye damu, mgonjwa anayeweweseka: hapo sibishani na mtu, ni hospitali siku hiyohiyo. Daktari akitaka kuanza dawa kabla ya majibu, aanze. Naomba tu damu itolewe kwanza, ni kazi ya dakika tano.

Dawa sahihi nayo huchukua siku nne au tano kushusha homa, kwa hiyo kubadili vidonge siku ya pili ni haraka ya bure. Homa ikirudi wiki mbili tatu baada ya dozi kuisha, inaweza kuwa taifodi kweli. Naotesha damu tena.