Tuling'oa kayukiyuki, maboga yakagoma

Wiki ya pili ya Mei mwaka juzi maboga yetu yalianza kudondoka. Si maboga yenyewe, ni vitoto vyake vya ukubwa wa limau, vikiwa bado na ua lililonyauka kichwani. Leo unakiacha kibichi kinang'aa, keshokutwa kimegeuka manjano, siku ya nne ncha imeoza na kimeanguka. Na shina halina ugonjwa hata kidogo! Majani mapana kama sinia, matawi yametambaa hadi njiani. Mboga tulichuma kila siku. Boga hakuna.

Tulikuwa kaya 14, na kila kaya ilikuwa na maelezo yake. Udongo umechoka. Mbegu ni feki. Kuna mtu ana jicho. Mimi ni fundi cherehani, siwezi kujifanya bwana shamba, lakini jicho linalochagua maboga na kuacha mahindi lilinitia shaka.

Nieleze kwanza tulivyofika hapo. Naishi Walukuba, Jinja, Uganda, mtaa wa wafanyakazi ulio karibu na ziwa. Wazazi wetu waliletwa huku na viwanda na lile bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Wasoga, Waacholi, Waluo, Wasamia, Wakongo, wote safu moja ya nyumba, ndiyo maana Kiswahili hapa kwetu ni cha jikoni, hata miaka ile wengine nchini walipokiita lugha ya askari na wezi. Nyuma ya safu yetu kuna uwanja kama nusu ekari. Tangu nikiwa msichana uwanja huo ulikuwa wa kayukiyuki.

Wengine huiita lantana. Maua yake madogo yamejikusanya kwenye kishada kimoja, manjano katikati na waridi pembeni. Majani yanakwaruza, na ukiyapikicha yananuka. Asili yake ni Amerika ya joto, ikasambazwa duniani kama pambo la bustani, na ilipofika ikajifanya mwenyeji. Ng'ombe akiila inamdhuru ini, na ngozi yake ikipigwa na jua inababuka. Ndege wanapenda matunda yake meusi, wakishakula wanakwenda kuzipanda mbegu kila mahali bila kumwuliza mtu.

Januari tulikubaliana kuusafisha uwanja, tulime pamoja mvua za Machi zikianza. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, alituruhusu kwa mdomo. Nikang'ang'ania karatasi yenye muhuri, wenzangu wakanicheka. Karatasi hiyo imetuokoa mara mbili tangu hapo, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Aliyeongoza kazi ni mzee mmoja tunayemwita Afande, mwanajeshi mstaafu. Kwake kayukiyuki si gugu, ni adui. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa Busoga ugonjwa wa malale ulipolipuka mwaka 1976. Wakati ule uchumi ulikuwa umeanguka, mashamba ya kahawa na pamba yakaachwa, lantana ikayameza, na mbung'o wanaoambukiza malale wakapata kivuli hadi mlangoni mwa nyumba. Afande alimzika shangazi yake. Kwa hiyo aliposema tusiache hata kijiti, nani angembishia? Mimi mwenyewe nilishika panga.

Kukata peke yake hakusaidii, hilo tulijifunza ndani ya wiki tatu. Visiki vilichipua vikiwa na hasira zaidi. Tukarudi na sururu na shoka, tukachimba kila kisiki na mizizi yake, kwenye udongo mkavu kama tofali kwa sababu hatukuwa na akili ya kusubiri mvua ya kwanza. Mwisho wa Februari uwanja ulikuwa mweupe, isipokuwa kichaka kimoja ukingoni. Afande aliutembelea jioni, mikono nyuma, kama anakagua gwaride.

Basi turudi kwenye maboga. Aliyefumbua fumbo ni shemeji yangu kutoka Kayunga, aliyekuja Jinja kwa shughuli zake akalala kwangu. Yeye ni mkulima wa vanila. Asubuhi nikamtembeza bustanini, akainama, akafunua jani, akaangalia, akacheka.

"Shemeji, haya maua hayajaolewa."

Nikamwambia asinifanyie utani. Akanionyesha. Boga lina maua ya aina mbili kwenye shina lilelile: dume limesimama kwenye kikonyo chembamba, jike lina kiboga kidogo chini yake. Chavua ya dume lazima ifike kwa jike, na chavua ya boga ni nzito, inanata, upepo hauibebi. Inangoja nyuki. Maua yanafunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri yameshafunga. Nyuki asipopita asubuhi hiyo, kile kiboga kinakaa siku chache kisha kinakufa.

"Kwetu vanila hatumngoji nyuki," akasema, "maana wake alibaki Meksiko. Kila ua tunaliozesha kwa mkono, na lenyewe linafunguka asubuhi moja tu."

Ingekuwa mtu mwingine nisingemwamini. Lakini huyu anaishi kwa kuozesha maua, na pikipiki yake imetoka humo.

Nikakaa asubuhi tatu na kikombe cha chai, kuanzia saa 12:30 hadi saa 4, nikihesabu. Siku ya kwanza nyuki wawili. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu mmoja, naye alipita kama mtu aliyekosea nyumba. Hapo ndipo jina lilipogonga kichwani mwangu: kayukiyuki. Kwa Kiganda nyuki ni enjuki. Jina lenyewe lilikuwa linatuambia siku zote mti huu ni wa nani! Lantana inachanua karibu mwaka mzima, na sisi tuliifyeka karibu yote kwa mpigo, tukawaachia nyuki uwanja wa vumbi, kisha tukapanda maboga tukitarajia waje kufanya kazi.

Tulikuwa na makosa mengine pia. Mmoja wetu alikuwa amenunua dawa ya wadudu kwenye duka fulani mjini, imemiminwa kwenye chupa ya soda, haina hata karatasi. Alikuwa akipuliza saa moja asubuhi kabla ya kwenda kazini, wakati uleule maua yako wazi. Na akina mama waliokuja kuchuma majani ya boga walikuwa wakichuma na maua yasiyo na kiboga, yanaongeza utamu kwenye sufuria. Nami nilikuwa mmojawapo. Tulikuwa tunawapika mabwana harusi.

Dawa ya haraka ilikuwa ya shemeji. Unakwenda saa moja asubuhi, unachuma ua dume lililofunguka siku hiyohiyo, unalivua petali zote libaki kijiti cha katikati chenye unga wa manjano, unakipaka taratibu kwenye kichwa cha ua jike. Dume mmoja anatosha majike wawili watatu. Niliyapaka 20 kwa siku nne, nikayafunga uzi mwekundu wa cherehani ili niyatambue. Yalishika 13. Watu walioona nyuzi walijua sasa nimeanza uganga, na kwa muda sikuwakatalia, maana hakuna aliyethubutu kuyaiba.

Lakini nusu ekari huwezi kuiozesha kwa mkono kila asubuhi halafu ukashone sare za shule. Ilibidi nyuki warudi, na hapo ndipo ugomvi na Afande ulipoanza. Kwenye ukingo wa mashariki kulikuwa kumebaki kichaka ambacho hatujamaliza, kama hatua 15. Nikaomba kisiguswe kwanza.

"We mama, unafuga adui?"

"Sifugi, Afande. Nangoja mwingine ashike zamu."

Neno zamu alilielewa. Tukakubaliana kukigawa sehemu tatu: hakuna sehemu inayong'olewa kabla mimea mingine haijachanua ya kutosha kuziba nafasi yake, na kila tawi la lantana linalozaa matunda linakatwa kabla hayajawa meusi. Mbung'o tungewachunga kwa kufyeka chini kichaka kisiwe na giza. Sikuwa na hakika kama inatosha. Nilikuwa na hakika tu kwamba tukifyeka tena kila kitu tunarudi palepale.

Tulichopanda si cha ajabu. Mululuza, ule mti mdogo wa majani machungu, ukingoni, kwa vipandikizi, kwa sababu unashika upesi, ni wa hapahapa Afrika, na maua yake meupe yakichanua mti mzima unavuma. Mujaaja, aina ya mrihani, kila pembe. Unatia harufu kwenye chai, na nyuki hawauachi. Alizeti safu mbili. Halafu tukajifunza kutokuwa na haraka ya kung'oa: sukuma wiki iliyozeeka tukaiacha itoe maua, giligilani na mgagani vilevile. Mama mmoja wa Kiacholi alileta malakwang yake, mboga ya majani yenye uchachu, akasema kwao hailimwi bila kuachiwa mistari miwili ya mbegu, na hiyo mistari ndiyo iliyojaa vipepeo.

Kuna siku Afande alinishika njiani. Amesikia boga, mahindi, maharage na nyanya vyote asili yake ni Amerika, kama lantana. Ni kweli? Nikamwambia ni kweli. Akafikiri. "Sawa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walichukua jembe. Yule tulimpa jembe akachukua na shamba."

Mzinga wa nyuki wa asali tuliukataa, watoto ni wengi na nyumba zimebanana. Lakini kwenye ufa wa ukuta wa nyumba ya mwisho tuligundua nyuki wadogo wasiouma, wale Waganda wanaowaita kadoma, weusi, wadogo kama inzi wa matunda, wametengeneza mlango wao wa nta kama mrija. Watoto walidhani ni inzi tu. Mwenye nyumba alikuwa na sementi tayari ya kuziba. Tulimwomba, tukamwahidi kila mavuno boga moja, akaacha. Wadudu hawa hawaendi mbali na nyumbani, kwa hiyo wakiwa ukutani pako kazi yao yote ni yako. Kwa ajili ya yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao tuliegemeza gogo kavu la mwembe kwenye uzio, maana pasheni za manjano hazizai kwa chavua yao wenyewe, na ua lake ni kubwa linataka nyuki mwenye mgongo mpana. Mwaka mzima gogo halikupata mpangaji. Nilikaribia kulipikia.

Dawa ya chupa ya soda tuliifungia. Tukaanza jivu na maji ya sabuni kwa vidukari, na ikibidi kupuliza kitu kikali, iwe jioni maua yamefunga, na dawa iwe na karatasi yake.

Nilidhani tumemaliza na magugu. Agosti tulinunua lori la samadi kwa mfugaji mmoja, na mvua zilipoanza samadi ikaota. Vijani laini vya kupendeza, vimechanika kama majani ya karoti, kisha maua madogo meupe. Yule mama wa malakwang aliupanda mmoja kwenye kopo mlangoni, ulifanana na maua ya bi harusi. Lilikuwa gugu karoti. Shina moja linatoa mbegu maelfu, zinakaa ardhini miaka, zinasafiri kwenye samadi na kwenye matope ya magurudumu. Ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na lenyewe linatoa sumu inayozuia mimea jirani kuota. Binti wa jirani aliling'oa kwa mikono mitupu, siku mbili alikuwa akijikuna hadi viwiko.

Kwa hilo sikutafuta maelewano. Kichaka cha kayukiyuki unaweza kukivumilia mwaka mmoja, gugu karoti halingojei: mwezi mmoja na kidogo tangu kuota limeshachanua. Kila Jumamosi ya pili, mvua ikiwa imelainisha udongo, tulitembea mstari kwa mstari, kila mtu na kaveera, mfuko wa plastiki, mkononi na kitambaa puani, tukiling'oa na mzizi kabla halijatoa ua. Lililochanua halikutupwa kwenye mboji. Tulilianika juu ya bati, likachomwa. Kopo la mlangoni nililiondoa mwenyewe, nikampa mama yule mche wa alizeti, hatukusemeshana siku nzima. Samadi sasa tunailaza miezi chini ya turubai, na kona tunayoilaza inakaguliwa kama mpaka wa Busia.

Bado linatokea. Wiki iliyopita nimeng'oa manne.

Sehemu ya mwisho ya kile kichaka tuliing'oa Februari hii, baada ya mululuza kuchanua. Afande alichimba kisiki cha mwisho peke yake, akakataa msaada. Mbegu zitaendelea kuletwa na ndege, chini ya mwembe kila mvua nakuta miche mipya, naing'oa nikienda bombani kuteka maji.

Siku hizi kuhesabu nyuki si kazi yangu tena. Afande amejitwalia, anasema ni paredi. Jumamosi iliyopita saa moja alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya maua ya boga, daftari gotini. Alifika 41 akaacha, akasema macho yamechoka na chai iko wapi. Nilipomletea akaninyooshea kidole kwenye gogo la mwembe. Kulikuwa na tundu moja, mviringo kama limetobolewa kwa keekee, na chini yake unga mweupe wa mbao.