Tulivyouza ethanoli ya kupikia Malindi bila kugombania bei

Washirika wangu walitaka tuuze ethanoli, yaani spiriti, ya kuchanganywa na petroli. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa, maana Kenya iliwahi kufanya hivyo miaka ya 1980, spiriti ikitoka Muhoroni, kwenye miwa ya magharibi. Mimi nilikataa. Ya petroli sharti iwe kavu, zaidi ya asilimia 99, na mtambo wa kawaida wa kukeneka hukwama kwenye 96 hivi. Hapo maji na spiriti hupanda mvuke pamoja. Kuyatoa maji yaliyobaki kunataka mtambo mwingine, na ukishaununua, wateja wako ni kampuni chache za mafuta zitakazokupangia bei. Jiko la nyumbani halijali maji kidogo.

Washindani wakubwa wako bara, penye miwa. Spiriti hutokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatengenezwa. Tani yake hutoa kama lita 250, yaani unabeba kilo nne kwa kila lita, kwa hiyo sisi tulichukua ya Kwale, huku huku pwani. Kuitoa Kisumu ni kujitia hasara. Lakini spiriti yao nayo lazima isafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Mombasa, kisha 120 kuja Malindi. Nauli hiyo ndiyo kinga yetu. Mombasa tukawaachia wenyewe, tukashika Watamu, Malindi, Mambrui na Gongoni.

Kumbe mshindani hasa alikuwa gunia la makaa. Mama mmoja wa mahamri pale Shella alinisikiliza nikisifu bei ya lita, akanikata: “Mwanangu, mimi sipimi lita, napima karai.” Alisema kweli. Lita ya ethanoli ina megajuli kama 21, ya mafuta ya taa 35 hivi, kwa hiyo bei ya lita haimwambii mpishi kitu. Tukaacha kuitangaza. Tukawa tunapika naye: karai lake kwenye makaa, jingine kwenye jiko letu, halafu yeye mwenyewe anapiga hesabu ya matumizi. Masika makaa yakilowa na kupanda bei, hesabu ilikuwa yetu waziwazi. Maharagwe, yanayokaa motoni muda mrefu, niliwaambia wateja wazi waendelee kuyachemshia makaa (mwenzangu alinuna wiki nzima). Tukauza kwa vipimo vya shilingi hamsini, kama wauzavyo mafuta ya taa.

Faida nono ilitoka hotelini, kwenye jeli ya ethanoli ya kupashia vyakula vya bufee. Lakini hiyo ni biashara ya kaskazi. Kusi likiingia hoteli nyingi hufunga, na mama wa mahamri ndiye anayelipa mishahara.

Msimu mmoja lori la bara lilikuja na bei ya chini. Hatukushusha yetu. Mpishi mkuu wa hoteli moja Watamu alinunua kwao shehena moja, ikamwishia Jumamosi usiku ukumbi ukiwa umejaa wageni. Akanipigia simu. Ndani ya saa moja pikipiki yetu ilikuwa getini, na makopo matupu tukayachukua.