Kulitambua faili la programu kwa baiti zake za mwanzo

Flashi yangu ilipoharibika, Windows iliikagua na kunirudishia mafaili zaidi ya mia yaliyopoteza majina, yote yakiitwa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea. Humo mlikuwa na kazi yangu ya miaka mitatu. Sikuwa na njia nyingine ila kuyafungua moja baada ya jingine kwa xxd, programu inayoonyesha kila baiti ya faili kwa namba za msingi wa 16 (0 hadi 9, kisha A hadi F), na kusoma baiti za mwanzo, kwa kuwa jina la faili huandikwa na mtu naye aweza kulibadili wakati wowote, ilhali baiti hizo huwekwa na programu iliyolizalisha faili lenyewe.

Faili la Java lililokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa kutoka msimbo ulioandikwa na mtu kuwa maelekezo ya kuendeshwa na mashine, huanza na CA FE BA BE. Tatizo ni kwamba programu za Mac zilizotengenezwa kwa aina zaidi ya moja ya prosesa nazo huanza na baiti hizo hizo nne, kwa hiyo inabidi kusoma nne zinazofuata. Langu lilikuwa na 00 00 00 34, yaani 52 kwa namba za kawaida, ambayo ni namba ya toleo la Java 8. Lingekuwa la Mac, hapo ningekuta idadi ya aina za prosesa, ambayo kwa kawaida ni ndogo sana, kama 2. Amri ya file katika Linux hutenganisha mafaili haya mawili kwa hoja hiyo hiyo, nami naiona ni hoja nzuri mno.

Msimbo uliokompailiwa wa lugha ya Lua huanza na 1B 4C 75 61, na ule wa WebAssembly, unaoendeshwa ndani ya vivinjari, huanza na 00 61 73 6D. Ninayoipenda zaidi ni ya mafaili ya .pyc, yaani msimbo wa Python uliokompailiwa: baiti mbili za kwanza hubadilika kadiri matoleo yanavyobadilika, kisha hufuata 0D 0A, alama za mwisho wa mstari, zilizowekwa makusudi ili faili likihamishwa kama maandishi ya kawaida na alama hizo zikageuzwa, uharibifu ugundulike mara moja.

Msimbo ambao haujakompailiwa hauna saini ya namna hiyo, ila una dalili tu. Faili la .m laweza kuwa la Objective-C au la MATLAB. Nikiona @interface najua ni la kwanza, na nikiona mistari ya maelezo inayoanza na % naegemea la pili. Skripti zenye #! mwanzoni, yaani 23 21, hujitaja zenyewe, kwani mstari huo hutaja programu ya kuziendesha, isipokuwa moja yangu ya Python iliyokataa kufanya kazi ingawa kwenye skrini ilionekana nzima. Xxd ilionyesha EF BB BF mbele ya 23 21, alama isiyoonekana ya UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti) iliyoachwa na kihariri nilichokuwa nikitumia. Linux haikuiona #! mahali pake, na sheli, programu inayopokea amri za mtumiaji, ikaanza kuusoma msimbo wa Python kana kwamba ni amri zake. Nilizifuta baiti hizo tatu, skripti ikafanya kazi.