Upepo kiasi gani kwenye tairi la baiskeli ya milimani?

Wengi hujaza tairi mpaka liwe gumu kama jiwe, halafu wanailaumu baiskeli ikirukaruka juu ya mizizi. Kwa tairi la inchi 2.4 lisilo na tyubu, mwendeshaji wa kilo 75 aanze na PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 22 mbele na 25 nyuma, maana uzito mwingi hukaa nyuma. Rimu ikigonga mawe, ongeza PSI 1 au 2. Ukiteleza kwenye kona, punguza kiasi hichohicho. Mwenye tyubu aongeze kama 4, la sivyo tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe, itoboke matundu mawili yaliyokaa sambamba. Dawa ya majimaji ya kuziba pancha, ile inayowekwa ndani ya tairi lisilo na tyubu, nayo hukauka ndani ya miezi michache: tikisa gurudumu, na usipoisikia ikichezacheza, ongeza mililita 60.