Mtu wa Sita

Kocha aliposikia tumetoka Kenya, uso ulimchangamka. Nilitaka kumweleza kwamba mimi ni mtoto wa Mombasa, tena wa Kibokoni, kwetu ukimwona mtu anakimbia ujue kuna mwizi au kuna moto. Kiingereza changu cha wakati ule hakikunifikisha huko. Wiki iliyofuata nikapewa fulana yenye jina la shule, shule ya serikali kwenye kitongoji kimoja nje ya Columbus, Ohio, nikawa mkimbiaji wa mbio za nyika.

Ijumaa usiku kitongoji kizima kilihamia uwanjani kutazama ule mpira wao wa kuvaa helmeti, taa zinawaka, matarumbeta yanalia. Sisi tulikimbia Jumamosi asubuhi, kilomita 5, mbele ya wazazi wachache na mbwa wao. Timu ni watu 7. Nafasi za 5 wa kwanza hujumlishwa, na jumla iliyo ndogo ndiyo inayoshinda. Mimi nilikuwa wa sita. Msimu mzima, wa sita.

Usiku wa kuamkia mbio, timu yote hula spageti nyumbani kwa mmoja wetu. Ndiyo mila, na haina mjadala. Zamu yetu ilipofika, Oktoba, nikamwambia mama, "Wageni wangu wanataka tambi." Mama akawapikia tambi. Za sukari, tui, iliki na zabibu kavu. Sinia lilipotua mezani nilitamani ardhi inimeze. Wakaangaliana, wakaonja, kisha wakaanza kugombania ukoko. Mmoja akauliza kama ile ni keki.

"Hebu waambie wasishibe, mwanangu," mama akasema, "pilau lipo jikoni."

Kesho yake zilikuwa mbio za wilaya, kwenye uwanja wa gofu uliolowa umande. Zimebaki kama mita 100, nasikia mtu anahema nyuma yangu. Fulana ya kijani. Wenzangu 5 walikuwa wameshamaliza, nimewaona kwa macho yangu. Nikajiuliza, najiua kwa ajili gani? Nikasogea pembeni kidogo, akaenda zake.

Matokeo yakabandikwa: sisi na wale wa kijani, pointi sawasawa. Nikaruka kwa furaha, nikidhani sote tunasonga mbele. Kocha hakuruka. Pointi zikilingana, akaniambia taratibu, anaangaliwa mtu wa sita wa kila timu.

"Ilikuwaje pale mwisho?"

"Alinipita," nikasema. Sikusema nilimpisha.

Msimu wetu ukaishia pale. Kwenye basi watu walikuwa wameegemeza vichwa kwenye vioo, kimya. Tulipofika barabara kuu, yule wa keki akageuka.

"Zile za mama yako zilibaki?"

Zilikuwa kwenye mkoba wangu, kopo zima, mama alinifungia alfajiri. Nikampa na kijiko.